Mshika Taa: Historia Fupi ya Mwanga Zizini

Shuleni tulifundishwa nani aliyeleta mkonge nchini, reli ya Tanga ilifika wapi mwaka gani, na nani aliyepandisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro Desemba 1961. Nikayakariri yote, nikafaulu mitihani, nikafika chuo kikuu. Ila hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hili: usiku ng'ombe anapozaa, ni nani aliyekuwa anashika taa?

Usicheke, ndugu msomaji. Hilo ni swali la historia kabisa. Sisi tuliozoea mji tunadhani ufugaji ni kazi ya mchana: kijana na fimbo, kundi la ng'ombe, vumbi, picha nzuri ya kalenda. Mchana ni nusu tu ya kazi. Ng'ombe hangoji kuche ndipo azae. Fisi naye hana saa za ofisi. Mbuzi anayevimba tumbo saa nane za usiku, ukimwacha hadi asubuhi utakuta mzoga. Kukamua huanza kabla jogoo hajamaliza kuwika, kwa sababu maziwa ya kuuza yanatakiwa yawe barabarani mapema.

Sasa hesabu mikono. Kukamua kunataka mikono miwili. Kumvuta ndama kunataka mikono miwili. Kumchoma sindano mnyama anayerusha mateke kunataka mikono miwili na mtu wa kumshika. Taa nayo inataka mkono wa tatu, na binadamu hakuumbiwa mkono wa tatu. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mimi naongeza: wala haumzalishi.

Mkono huo wa tatu ulitoka wapi? Mara nyingi ulikuwa wa mtoto. Aliamshwa usingizini, akapewa taa, akaambiwa simama hapa. "Mulika hapa! We, mulika hapa, unaangalia wapi?" Waulize wazazi wako waliokulia vijijini, watakuambia jinsi usingizi unavyokuwa mtamu ukiwa umesimama na koroboi mkononi. Asubuhi mtoto huyo huyo alitakiwa awe mstarini shuleni.

Ndiyo maana leo naandika juu ya tochi ya kichwani, kile kitochi chenye mkanda ambacho siku hizi kinauzwa minadani pamoja na kamba, visu na dawa za kupe. Watu wengi wanakiona kama kifaa cha wapanda mlima. Mimi nakiona kama mwisho wa historia ndefu, au tuseme karibu na mwisho, kwa sababu kama nitakavyoeleza mbele, bado haijaisha.

Nianzie Mazingara, huko Handeni mkoani Tanga, kwa kuwa ndiko swali hili lilikonikuta. Handeni imezungumzwa sana tangu Juni 2022, serikali ilipoanza kuhamishia kaya za wafugaji kutoka Ngorongoro hadi kijiji cha Msomera. Mjadala ule ni mzito na unastahili makala yake. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba ng'ombe hawakuanza kulala Handeni mwaka 2022. Wazigua walifuga, na Waparakuyo, ndugu wa Wamasai, wamekuwa wakichunga upande huo kwa vizazi.

Mwanahistoria wa Kimarekani James Giblin alichapisha kitabu mwaka 1992 juu ya eneo hili hili, akifuatilia miaka 100, tangu 1840 hadi 1940. Hoja yake inapingana na ile picha ya kwamba wakoloni waliikuta Afrika imejaa maradhi wakaja kuitibu. Anaonyesha kwamba Wazigua walikuwa wanaijua nchi yao na walikuwa na njia za kuishi na mbung'o: walilima, walifyeka, walichoma majani kwa wakati wake, wakalizuia pori lisikaribie makazi. Likaja sotoka la miaka ya 1890, zikaja njaa, ikaja kodi na kazi za kulazimishwa, watu wakapungua mashambani. Pori likarudi, na pori liliporudi mbung'o na kupe wakarudi nalo. Ng'ombe wakaisha. Unaposikia mtu anasema Handeni haikuwahi kuwa nchi ya mifugo, muulize anazungumzia mwaka gani.

Hapo giza linaingia kwa namna ambayo sikuitegemea. Mbung'o hutafuta chakula mchana, tena kwa macho: anafuata kitu kinachotembea. Kwa hiyo wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, walipolazimika kuvusha kundi kwenye pori la mbung'o, walilivusha usiku. Hebu fikiria jambo hilo. Sisi tumezoea kuandika "giza" kama neno lenye maana ya ujinga na umaskini. Kwa mfugaji wa zamani giza lilikuwa kinga. Hakuwa mtu anayesubiri kuletewa mwanga. Alikuwa mtu anayejua kufanya kazi gizani, na mwanga alioutaka ulikuwa kidogo, wa mahali maalumu, kwa muda maalumu.

Mwanga wa kwanza ulikuwa kijinga cha moto. Unatoa ukuni unaowaka mekoni, unautikisa hewani ili uwake vizuri, unakwenda nao zizini. Kijinga ni kizuri kwa kumfukuza fisi, na moshi wake unafukuza inzi. Lakini hakikaribii mnyama. Cheche zikimwangukia ng'ombe aliye katika uchungu, umeongeza tatizo juu ya tatizo. Kwa hiyo kazi ya ndani kabisa ilifanywa kwa kupapasa. Mkunga wa ng'ombe alikuwa anaona kwa vidole.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Tunasoma kwamba reli ilikuja kuchukua mazao, na ni kweli. Ila mabehewa hayakupanda matupu kutoka pwani. Miongoni mwa bidhaa za madukani kulikuwa na mafuta ya taa, nayo yalikuja kwenye makopo ya bati ya galoni 4, yaani kama lita 18. Unalijua kopo hilo. Ni debe. Mpaka leo mama sokoni Korogwe anapopima mahindi kwa debe, anapima kwa kopo la mafuta ya taa. Mafuta yenyewe yamekwisha zamani, kipimo kimebaki.

Mafundi bati wakachukua makopo matupu wakatengeneza koroboi, ambayo wengine wanaiita kibatari. Tumbo la bati, utambi wa pamba, basi. Wenye uwezo zaidi walinunua chemli, ile taa yenye kioo na mpini wa waya, iliyotengenezwa na makampuni kama Dietz la Marekani na Feuerhand la Ujerumani. Chemli ilikuwa hatua kubwa kwa sababu upepo hauizimi. Unaweza kutembea nayo kutoka nyumbani hadi zizini ikafika inawaka.

Ila ukifika nayo, uiweke wapi? Ukiitundika kwenye mti wa ua, tumbo la ng'ombe linaweka kivuli pale pale unapotaka kuona. Ukiiweka chini, ng'ombe anaipiga teke. Teke hilo lina historia yake. Oktoba 1871 mji wa Chicago uliungua, watu wapatao 300 wakafa na 100,000 hivi wakabaki bila makazi. Magazeti yakaeneza hadithi kwamba moto ulianzishwa na ng'ombe wa mama mmoja mhamiaji kutoka Ireland, Catherine O'Leary, aliyeipiga teke taa zizini wakati anakamuliwa. Mama yule alikanusha, akaishi na aibu ile hadi kifo chake. Baraza la jiji lilikuja kumsafisha mwaka 1997, miaka 126 baadaye! Kama mwandishi wa habari naiona hadithi hiyo kama onyo kwa kazi yetu. Lakini angalia kwa nini watu waliiamini haraka namna ile: kila mtu aliyewahi kukamua usiku alijua kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea. Taa ya moto, majani makavu, mnyama mwenye miguu minne na hasira. Dawa yake ilikuwa ile ile ya Handeni. Ita mtoto ashike taa.

Sasa tuje kwenye umeme, kwa maana hapa ndipo Korogwe inapoingia kwa kishindo. TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na katika miaka ile ya 1930 ikajenga mitambo kwenye maporomoko ya mto Pangani. Umeme ule ulikwenda Tanga mjini na kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 kikafunguliwa kituo cha Hale, wilayani Korogwe, megawati 21, na umeme wake ukasafirishwa hadi Dar es Salaam. Mwaka 1995 kikaja kituo kipya cha Pangani, megawati 68. Kwa maneno mengine, mto unaopita Korogwe umekuwa ukiwasha taa za watu wengine tangu babu zetu wakiwa vijana. Nyaya zilipita juu ya vichwa vya wafugaji kama vile ndege zinavyopita. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo vijiji vingi vimefikiwa, hilo lazima tulikubali. Hata hivyo taa ya umeme huwekwa sebuleni na barazani. Zizi liko mbali na nyumba, na ng'ombe mgonjwa hakuchagulii pembe yenye balbu.

Kilichofika zizini kabla ya umeme wa nguzo ni umeme wa mfukoni. Mwaka 1899, huko New York, David Misell alipewa hataza ya tochi ya mkono, na kampuni ya Conrad Hubert ikaiuza. Betri zilikuwa dhaifu kiasi kwamba uliwasha kwa sekunde chache ukazima, ndiyo maana Wamarekani wakaipa jina lenye maana ya mmweko. Kwetu Waswahili tukaiita kurunzi, kisha tochi. Kufikia miaka ya 1960 viwanda vya betri vilikuwa vimefika Afrika Mashariki: Matsushita ya Japani ilitengeneza betri za National Dar es Salaam, na Eveready ilikuwa na kiwanda Nakuru, Kenya, kilichokuja kufungwa 2014. Wazee wanakumbuka betri zilivyoanikwa juani zikiisha nguvu, ili zitoe mwanga wa siku moja mbili zaidi.

Tochi ilimaliza hatari ya moto. Mkono haikuurudisha. Wafugaji wakabuni: tochi kwapani, tochi kati ya shingo na bega, tochi mdomoni. Jaribu kushika kwa meno tochi ya betri mbili kubwa kwa dakika 10 huku unavuta kamba, mate yanatiririka, halafu uniambie. Mwishowe anaitwa nani? Mtoto.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati huo wote, kuna watu duniani waliokuwa tayari wanavaa taa kichwani. Hao ni wachimba madini. Mwaka 1900 Frederick Baldwin alipata hataza ya taa ndogo ya kabaidi huko Marekani: maji yanadondokea kabaidi, inatoka gesi ya asetilini, gesi inawaka mbele ya kioo. Kifaa cha aina hiyo kikaja kubandikwa kwenye kofia za wachimbaji. Miaka 15 hivi baadaye zikaja taa za kofia za umeme, za Thomas Edison, betri ikining'inia kiunoni. Na neno kabaidi tunalo kwenye Kiswahili mpaka leo, ila wengi hatulitambui. Ni karabai. Taa tuliyoijua baadaye kama ya pampu na mafuta ya taa, ile ya harusini na kwenye mikutano, ilirithi jina la taa ya kabaidi.

Kwa nini mchimbaji alipata taa ya kichwani karibu karne nzima kabla ya mfugaji? Jibu langu ni la kiuchumi. Mwenye mgodi alikuwa analipa mikono, na mkono ulioshika taa haukuwa unachimba. Kwa hiyo mgodi ulikuwa na sababu ya kutafuta njia ya kuufungua. Zizini mkono wa tatu ulikuwa wa bure. Haukuwa na mshahara, haukuwa na chama cha wafanyakazi, haukuandikwa popote. Kitu cha bure hakina anayekitafutia mbadala.

Kwetu pia madini yalitangulia. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na wachimbaji wadogo walijifunga tochi za kawaida kichwani kwa vipande vya mpira wa tairi. Ubunifu mzuri. Lakini wengine kati ya waliotambaa kwenye mashimo yale walikuwa watoto, walioitwa "nyoka" kwa wembamba wao. Kwao tochi ya kichwani haikuleta usingizi. Ilifungua mikono yao ili ifanye kazi zaidi. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Mwaka jana nililala kwenye boma moja la Waparakuyo kule Mazingara, nikifuatilia habari ya bei ya mifugo. Saa saba usiku mtamba mmoja alianza kuzaa, uzazi wake wa kwanza. Ilionekana pua ya ndama na mguu mmoja. Kwa kawaida inatakiwa miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika nyuma. Mzee mwenye boma alinawa mkono kwa sabuni hadi begani, akaanza kazi: kumsukuma ndama arudi ndani, kuutafuta mguu, kuufunika ukwato kwa kiganja usichane mfuko wa uzazi, kuuleta mbele. Mjukuu wake wa darasa la nne ndiye aliyeshika tochi. Mtoto alikuwa anasinzia wima. Mwanga ukawa unahama: mgongoni, kwenye ua wa miiba, mbinguni. "Mulika!" Mwanga unarudi. Dakika mbili, umehama tena. Nikajitolea kushika, nikaambiwa kwa upole, "Mgeni, wewe kaa kwanza, atakuogopa." Ndipo akaja kijana wa boma la jirani akiwa na tochi kichwani. Hakusema kitu. Aliivua, akamvalisha mzee, akaibana mkanda. Kelele zikaisha. Kilichosikika ni pumzi ya mtamba tu. Miguu miwili ikatokea, mzee na kijana wakavuta pamoja na msukumo wa mama, ndama akadondoka chini akiwa hai. Mtoto alikuwa ameshakwenda kulala, na hakuna aliyemfokea.

Kulipokaribia kucha nilimkuta Yeyo, mama wa boma, anakamua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Yeyo." Akaitikia kwa pua. Mdomoni alikuwa amebana simu ya kitochi, mwanga ukiangukia kibuyu. Tochi ya kichwani? Kijana alikuwa amemwachia mzee, na mzee amelala nayo.

Kitochi! Hata jina limebeba historia. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, simu rahisi yenye taa ndogo kichwani, zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wakenya wakaziita simu za aina hiyo mulika mwizi. Sisi tukaita kitochi, na jina likashika kwa kila simu ndogo isiyo na makuu. Simu imepewa jina la taa yake! Hilo linakuambia watu walikuwa na njaa ya nini.

Taa ile ndogo iliwezekana kwa sababu ya LED. Katika miaka ya 1990 mwanzoni, Shuji Nakamura huko Japani alitengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali, na kutokana nayo mwaka 1996 ikaja LED nyeupe. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. LED inakula umeme kidogo mno ukilinganisha na balbu ya waya, kwa hiyo betri ikawa ndogo, na betri ndogo inaweza kukaa kwenye paji la uso. Petzl ya Ufaransa, kampuni iliyoanzishwa na mtu wa kuingia mapangoni, ilitoa tochi yake ya kichwani ya LED, Tikka, mwaka 2000. Baada ya hapo viwanda vya China vikamwaga za bei ndogo duniani kote, na hizo ndizo zilizofika minadani.

Bei ndogo ina gharama yake. Watafiti waliochunguza tochi za LED nchini Kenya mwaka 2009 walikuta watumiaji walio wengi wakilalamika kwamba tochi zao zinaharibika mapema. Kwa hiyo kama unachagua tochi kwa kazi ya zizini, yako au ya baba kijijini, usidanganywe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Kazi ya zizini ni ya umbali wa mkono. Unachotaka ni mwanga mpana na hafifu. Ule mkali wa kumulika kilima cha pili unaumiza macho ya mnyama na yako. Jicho la binadamu huchukua kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali unaifuta kazi hiyo kwa sekunde moja. Ikiwa ina taa nyekundu, ni bora zaidi: haikuharibii macho sana, na ng'ombe naye haioni vizuri, kwa sababu jicho lake lina aina 2 za seli za rangi, letu lina 3.

Uliza pia inatumia betri gani. Ikiwa inachajiwa, je, pale inapokwenda kuna umeme au sola? Ikiwa ni ya betri ndogo, je, duka la kijijini linaziuza? Mkanda ufulike, maana utalowa damu, maziwa na mavi. Swichi iwe kubwa, iwashwe na kidole chenye utelezi. Fungua na kufunga mara kadhaa hapo hapo dukani.

Kuna faida moja ya tochi ya kichwani ambayo chemli haikuwahi kuwa nayo. Nyuma ya jicho la ng'ombe, mbuzi, fisi na chui kuna utando unaorudisha mwanga pale ulikotoka, kama kioo. Taa ikiwa karibu na jicho lako, mng'ao huo unarudi kwako moja kwa moja. Unasimama mlangoni, unageuza kichwa polepole, unayahesabu macho ya kundi zima, na unaona macho yasiyo ya kundi nje ya ua. Udhaifu wake ni huu: inamulika unakotazama, haimuliki unakokanyaga. Wahenga walishatuonya, ukimulika nyoka anzia miguuni pako. Kifutu analala kwenye njia ya zizi, na haondoki akikusikia. Inamisha kichwa kwanza.

Halafu kuna kijana mmoja wa Kimasai huko Kitengela, kusini mwa Nairobi, Richard Turere. Akiwa na miaka 11 alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi walikuwa wanaingia. Alijaribu moto, simba wakautumia kuonea. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja akazunguka zizi na tochi mkononi, simba hawakuja. Akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kiwashio cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatengeneza taa zinazomweka zenyewe usiku kucha. Mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani kuwaeleza watu. Dunia ilimshangilia kama mvumbuzi mdogo, na alistahili. Mimi namwona pia kama mshika taa aliyechoka, ambaye aliiunda mashine imshikie taa ili alale.

Sasa nilirudie lile la Mererani. Kifaa hakina huruma ndani yake. Tochi ya kichwani inaweza kumrudisha mtoto kitandani, na tochi hiyo hiyo akivalishwa mtoto inaweza kumtuma peke yake zizini, kwa kuwa sasa ana mikono miwili. Inaweza kumrahisishia mama anayekamua kila alfajiri, au ikabaki kichwani mwa baba anayeitumia mara mbili kwa mwezi. Historia niliyoisimulia hapa, tangu kijinga hadi LED, haituambii mwanga unakwenda kwa anayeuhitaji. Inatuambia unakwenda kwa anayehesabiwa. Reli ilihesabu mkonge, Hale ilihesabu viwanda, mgodi ulihesabu mikono ya kulipwa.

Basi ukienda kijijini likizo hii, fanya mambo mawili. Waulize wazee wako nani alikuwa anashika taa, na uyaandike watakayokuambia, maana hayamo kwenye kitabu chochote cha shule. Na ukipita mnadani kununua tochi ya kichwani kwa ajili ya baba, nunua mbili. Moja mpe mama mkononi mwake, baba akiona.